Damu ya Mtani

Maji ya kuoshea sufuria yalimpata Sikujua Kihwele kifuani, na punje za wali zikabaki zimegandia kwenye sare ya Baraza la Hewa. Alisimama katikati ya njia, akajipangusa kwa kiganja, akaibandua punje moja na kuinusa.

"Mama Tekla," alisema kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya nyanya, "wali wako umeungua."

"Kafie mbele, shetani wewe!"

Mlango ukabamizwa. Sikujua akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikamwinamisha mpaka spana ikamponyoka begani na kumwangukia mguuni. Nyuma ya mlango Mama Tekla alisikika akimshukuru Mungu kwa kujibu haraka namna ile.

Katika mji wa Lugombo hakuna aliyempenda mfunga koki. Mbwa waliowaacha wezi wapite walimbwekea yeye. Kanisani alikuwa na benchi zima peke yake, naye hakuona haya kunyoosha miguu. Ukifanya kazi ya kuwafungia watu hewa, usitegemee kukaribishwa chai. Sikujua alikwishaizoea chuki ile kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana: unachechemea, lakini unafika.

Mji wenyewe ulikaa juu ya kinywe, yale madini meusi, laini kama masizi, yaliyotiwa ndani ya betri za dunia nzima. Dunia ikapata magari yasiyotoa moshi. Lugombo ikapata vifua visivyopitisha hewa. Mgodi ulipofungwa, walioondoka waliondoka na faida, na waliobaki walibaki na vumbi, tena si lile la juu ya kabati, bali lile la ndani ya mapafu ambalo halifutiki kwa kitambaa. Ili waonekane wameomba radhi, wenye mgodi waliacha mtambo kilimani: mapanga makubwa yaliyozungushwa na upepo, yakikamua oksijeni na kuisukuma mjini kwa bomba la buluu lililopita ukutani mwa kila nyumba. Radhi yao ilitosha nusu ya wagonjwa.

Hapo wangeweza kupeana zamu. Wangeweza kupiga kura. Wangeweza hata kushikana mashati, wakapungua wenyewe mpaka hewa ikatosha. Wakaagiza mashine.

Iliitwa Mbashiri. Ilikuwa na ukubwa wa kasha la sabuni, ilining'inia kiunoni mwa Sikujua, na ilichotaka ni kichupa kimoja tu cha damu. Ikishaionja iliangalia chembe nyeupe: zile zinazokimbilia moto zikiwazidi mno wenzao wanaokaa na kukumbuka adui, basi mwili unaungua kimyakimya. Iliangalia gundi ya damu, ile inayofunga kidonda. Ikijaa na kidonda hakionekani, kidonda kiko ndani. Iliangalia protini inayotengenezwa na ini, ambayo hupungua mtu anapoanza kujila mwenyewe. Kisha ikapima kama chembe nyekundu zinalingana. Zikiwa kubwa kwa ndogo kama viazi vya fungu la jioni, aliyezitengeneza amechoka. Ikapiga hesabu zake, ikatoa namba isiyofika mia. Namba hiyo ndiyo nafasi yako ya kuiona Krismasi ya mwakani. Kuanzia hamsini kwenda juu, taa ya koki yako ilibaki kijani. Chini ya hamsini ilikuwa nyekundu, na Sikujua akaja na spana. HEWA HAIPEWI ANAYEONDOKA, iliandikwa mgongoni mwa sare yake, kwa herufi nzuri kweli.

Wafanyakazi wa Baraza nao walitolewa damu kama kila mtu. Sikujua alichekecha kinywe tangu akiwa msichana wa mabutu mawili, na kifua chake kilikuwa kinajua hivyo. Kipimo kilichopita kilimpa hamsini na mbili, na tangu siku ile alikuwa akiitazama koki ya nyumba yake kama mtu aliyeona nyoka akiingia chini ya kitanda na hajaona akitoka. Lakini asubuhi hii Baraza lilitoa majibu mapya ya mji mzima kwa mpigo, na yeye alipewa sabini na moja. Sabini na moja! Aliimba akipiga mswaki. Alikohoa katikati ya ubeti, lakini aliimba. Ndiyo maana maji ya Mama Tekla hayakumuuma.

Kilichomuuma kilikuwa kwenye kishikwambi. Katika mtaa wake leo kulikuwa na nyumba moja tu nyekundu.

Zeno Mapunda. Thelathini na nne.

*

Mapunda alikuwa Mngoni na Sikujua alikuwa Mhehe, na mababu zao waliuana kiasi cha kutosha hata wajukuu wakaona afadhali wataniane. Mtani akikuta nyama yako jikoni, anakula. Akitaka kofia yako, anavaa. Anakutukana mbele ya wakwe, na wewe unamtafutia tusi kubwa zaidi, na hapo ndipo mnapopendana. Kosa ni moja tu, nalo ni kukasirika.

Siku ya kumzika Kalinga, mume wa Sikujua, watu wakiwa wameshika kamba tayari kushusha jeneza, Mapunda aliruka kaburini na kofia yake ya mgodini kichwani, akajilaza chali, akafumba macho.

"Hapa pazuri," alisema kutoka chini, "pana ubaridi. Sitoki mpaka mjane anikomboe."

Waombolezaji walicheka huku wanalia. Sikujua, ambaye hakuwa ametoa hata chozi tangu msiba uanze, alijikuta naye analia na kucheka. Akavua kilemba chake cheusi, kipya, akamtupia. Mapunda akapanda juu amekivaa, na Kalinga akashushwa mahali pake.

Huyo ndiye mtu ambaye Sikujua alikuwa akienda kumfungia koki.

Langoni alimkuta Emiliana, binti wa mwisho wa Mapunda, mchomelea vyuma, mwanamke wa mabega mapana. Mikononi alishika mchi wa kinu.

"Ukivuka hapo nakupasua."

"Hata shikamoo hakuna?"

"Umekuja kumuua baba yangu, nikuamkie?"

"Marahaba, mwanangu," alisema Sikujua.

Mchi ukainuka. Kutoka barazani sauti nyembamba, ya mtu anayeyapima maneno kwa pumzi, ikaita: "Emi! Mbona nasikia harufu ya mbwa wa kuchoma?"

"Ni mimi mwenyewe niliyemchoma, mla panya!" Sikujua akajibu.

"Mpishe aingie. Mhehe akikaa sana nje anatafuna kamba ya mbuzi."

Emiliana hakumpisha. Alibaki pale pale, na Sikujua akapita kwa ubavu, akilisikia joto la hasira ya binti yule kama anayepita karibu na tanuri. "Ulimfungia mama yangu," Emiliana alimwambia sikioni. "Arobaini na nane. Pungufu ya mbili tu. Ukakaza na kukaza, nilikuona."

Ni kweli alikaza. Na kesho yake, na keshokutwa, na mazishini, Mapunda alimwita mla mbwa kama kawaida, bila kubadilisha sauti. Hilo ndilo lililomnyima Sikujua usingizi kuliko matusi ya mtaa mzima.

Mapunda alikuwa amekaa kwenye kiti cha kamba, mrija wa hewa puani, miguu mbele kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Kuku walimzunguka. Juu ya kichwa chake, kwenye ukuta, taa ya koki ilikuwa nyekundu kama jicho la mlevi.

"Nimeambiwa nina thelathini na nne," alisema. "Mtu mzima kama mimi kurudishiwa umri wa ujana, si haba."

Sikujua alitaka kujibu. Alikuwa na jibu, tena zuri. Lakini macho yalikwenda kwa kuku. Walikuwa wanakunywa maji kwenye kofia ya mgodini iliyopinduliwa, kofia ile ile ya kaburini, na ubavuni mwake, chini ya matope, bado ilionekana herufi ya rangi nyeupe. B. Kila mchimbaji aliandikwa kundi lake la damu kwenye kofia, ili mwamba ukimwangukia asiwepo mtu wa kupoteza muda akiuliza.

Akakifungua kishikwambi tena. Thelathini na nne. Gundi nyingi, protini haba, chembe nyekundu zisizolingana. Na chini kabisa, pale ambapo hakuna mtu aliyewahi kuhangaika kutazama: kundi O.

Sikujua ndiye aliyekuwa O. Mashine iliiona tofauti hiyo vizuri sana. Haikuwa imeulizwa tu.

*

Sasa alikumbuka siku ya kutoa damu.

Alikuwa amejitoa damu yake kwanza, kama ilivyo desturi ya kazi, akaja kwa Mapunda na kichupa chake kwenye sanduku. Akamtoboa mzee, akapata damu nzito inayotoka kwa kubembelezwa, akaandika lebo, akaibandika. Gundi ya lebo zote mbili ikiwa bado mbichi, Mapunda akalikwapua sanduku. Akalificha chini ya blanketi, akatangaza kwamba sasa ni lake, kwamba Mhehe asipotoa karanga ataondoka mikono mitupu. Sikujua alikuwa na karanga za kuchemsha mfukoni. Alizitoa huku akimtukana kwa raha zote, na hakuona kosa lolote katika mkono mmoja uliobaki muda mrefu chini ya blanketi. Mtu mwingine yeyote angeligusa lile sanduku, Sikujua angeita askari. Mtani alilikumbatia, naye akacheka.

Ni Mhehe mbele ya Mngoni, au Mngoni mbele ya Mhehe, ambaye angeweza kufanya uzembe kama ule.

"Ulibadilisha lebo," alisema.

Mapunda alimkonyeza.

Emiliana aliuteremsha mchi. "Lebo zipi?"

"Damu yenye thelathini na nne ni yangu. Yake ndiyo yenye sabini na moja." Sikujua aliyasema maneno hayo kwa sauti ya kawaida, akashangaa mdomo wake unavyojua kufanya kazi bila yeye.

"Basi sema!" Emiliana alifoka. "Mpigie bosi wako! Sema sasa hivi, kabla sijakutoa meno!"

Lakini Sikujua hakupiga. Alisimama pale na spana, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi alifikiri kuhusu mkono wake wenyewe. Amri ilikuwa halali. Namba ilikuwa kwenye mfumo. Herufi iliyochakaa kwenye chombo cha kuku haikuwa ushahidi wa kumbabaisha mtu. Emiliana angepiga kelele, lakini nani katika mji ule hakuwa amepiga kelele koki ya kwao ikifungwa? Yeye angerudi nyumbani na sabini na moja yake. Angeimba tena kesho. Wala si yeye aliyelitafuta jambo hili. Mzee mwenyewe ndiye aliyelitaka.

Akaitia spana kwenye koki. Akazungusha.

Nguvu ya hewa ilipungua, na filimbi nyembamba ndani ya mrija ikashuka sauti. Emiliana alinguruma na kuja mbio. Mapunda akanyoosha mguu akamzuia, kisha akajilaza nyuma kwenye kiti, mikono juu ya kifua, akafumba macho. Midomo yake ilikuwa inageuka rangi.

"Hapa pazuri," alisema. "Pana ubaridi."

Sikujua aliizungusha spana kinyume kwa nguvu zote, mpaka mrija ukalia kama birika lililochemka. Akaitupa chini. Kuku wakatawanyika.

"Umekasirika?" aliuliza Mapunda, jicho moja wazi.

"Nimekasirika."

"Basi nimekushinda, Mhehe."

"Umenishinda! Haya, furahi! Nakuchukia, Mapunda, na hapa sitanii. Umenipa uhai usio wangu hujaniuliza, halafu ukaniacha nije nikuue kwa mkono wangu. Huo ni utani wa wapi? Ulitaka kuniokoa au kunikomoa?"

Mzee alivuta hewa taratibu. Kicheko kilikuwa bado usoni, ila sasa kilionyesha meno.

"Nilikusikia ukipanda kile kilima," alisema. "Nimekaa chini ya mwamba maisha yangu yote, najua unavyolia kabla haujakatika. Kifua chako kinalia hivyo. Nikasema, mtani wangu anakwenda, na nyumbani kwake hamna hata mtu wa kugombana naye. Nilale mimi kaburini mwake kidogo."

"Na kunikomoa?"

"Marehemu mke wangu alikuwa na arobaini na nane. Ulikuja, ukasoma namba, ukafunga, ukasema pole. Nikataka siku moja usome namba mlangoni kwangu ukijua ni damu ya nani."

"Kwa hiyo ni kipi kati ya hivyo viwili?"

"Mimi ni mtani wako," alisema Mapunda. "Nilikwambia lini kwamba natenganisha?"

*

Bwana Kahemele, msimamizi wa Baraza, alipokea simu akiwa anatafuna kitu.

"Bi Sikujua. Hiyo nyumba mbona bado inavuta?"

"Sampuli zimeganda, bosi. Naomba kurudia."

Kanuni iliruhusu. Damu ya wagonjwa wa kinywe hukaa muda mrefu bila hewa ya kutosha, mwili unaongeza chembe nyekundu ili kufidia, na damu inakuwa nzito kama uji wa jana. Mara moja moja huganda kichupani na Mbashiri ikasoma upuuzi. Hapo unatoa nyingine, na jibu la pili ndilo linalosimama.

"Za nani?"

"Ya Mapunda. Na yangu."

Kutafuna kukakoma. "Yako imetoa sabini na moja."

"Ndiyo, bosi."

"Damu iliyoganda haitoi sabini na moja."

"Mnaiamini hiyo mashine kila siku ikifunga watu. Leo imemfungulia mtu ndiyo mnaitilia shaka?"

"Usinichezee. Mkigundulika mmebadilishana damu, nafungia nyumba zote mbili, unalijua hilo."

"Nimesema zimeganda."

Sikujua alimsikia akisogeza kiti. "Ukirudia, hakuna mara ya tatu," alisema Kahemele, na sauti ilikuwa imeshuka. "Nakuuliza kama binadamu mwenzako. Una hakika?"

"Usiniulize kama binadamu, bosi. Hujazoea, utajiumiza."

Akamtoboa Mapunda. Akajitoboa mwenyewe, Emiliana akisimama juu yao kama hakimu, akifuata kila kichupa kwa macho, kila lebo, kila kidole. Safari hii mikono ya mzee ilikaa juu ya blanketi. Mbashiri ikanung'unika kiunoni, kwanza kwa mmoja, kisha kwa mwingine. Juu ya kichwa cha Mapunda taa ikageuka kijani.

Kishikwambi kikalia. Sikujua hakuhitaji kukitazama.

"Nimeyaona," alisema Kahemele simuni. "Nyumba yako ni ya kufungwa leo."

"Mtamtuma nani?"

"Mtaa huo mfunga koki wake ni wewe. Ukimaliza, rudisha spana ofisini."

Emiliana alimwona akiinuka, akiokota spana kwa kuegemea ukuta. Mdomo wake ulifunguka, na kilichotoka hakikuwa shukrani.

"Usidhani umelipa kitu," alisema.

"Sijadhani."

*

Habari ilifika nyumbani kabla yake. Alipokata kona, mtaa mzima ulikuwa umeshatoka. Walisimama kando ya njia wamekunja mikono, na wengine walileta vigoda. Mama Tekla alikuwa mbele kabisa, kanga kiunoni, uso wa mtu aliyesubiri harusi hii miaka mingi.

"Karibuni," alisema Sikujua. "Samahani sina chai."

Aliiendea koki yake, akaitazama taa nyekundu, akaona jinsi ilivyo ndogo. Kwa watu wengine hakuwahi kuiona ndogo vile. Akatia spana. Macho yote yale yalikuwa mgongoni mwake, na hilo lilimuudhi kuliko kufa.

Alifunga vizuri kuliko alivyowahi kuwafungia wengine. Aliongeza na robo ya mzunguko, kwa sababu aliijua tabia ya mwenye nyumba.

"Pole," alijiambia, kwa sauti, kama kazi ilivyotaka.

Watu walikuwa wamekuja kushangilia, wakafika pale pa kushangilia, na sauti hazikutoka. Mmoja alijaribu kupiga kofi, kofi likabaki peke yake, akaficha mikono. Wakaanza kuondoka kwa hasira, wakisukumana, kama waliouziwa maziwa yenye maji. Mama Tekla alibaki mwisho.

"Wali ulikuwa umeungua kweli," alisema kwa ukali, kama anayemtukana mtu, akaingia kwake.

Sikujua aliirudisha spana ofisini. Kilima cha ofisi kilimchukua muda wa mtu anayekwenda safari. Alipumzika kwenye kila mti, na kwenye miti mingine alipumzika mara mbili. Alipogeuka kushuka, kulikuwa na njia mbili: ya kwake, na nyingine.

*

"Umefuata nini?" Emiliana aliuliza langoni. Mchi ulikuwa pale pale.

"Mali yangu."

"Huna mali hapa."

"Muulize baba yako."

Akapita. Jua lilikuwa bado liko juu ya paa na kuku walikuwa wanagombania mahindi. Mapunda alikuwa anasinzia kwenye kiti cha kamba, rangi imemrudia, mrija ukiimba taratibu puani mwake. Sikujua aliinama, akauchomoa, akautia puani mwake mwenyewe, akakaa chini kwenye sakafu ya baraza, mgongo ukutani. Hewa ilimwingia kama maji kwa mtu aliyevuka jangwa. Akafumba macho.

Mapunda aliamka akipapasa uso. Akamwona. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane, Sikujua aliona kicheko kikikosa pa kukaa usoni mwa mzee yule.

"Huo ni wangu," alisema.

"Ulikuwa wako. Nimeukuta kwa mtani wangu, nimeuchukua. Toka humo kaburini, nimeshakukomboa. Mara ya kwanza ulinilia kilemba, safari hii umenilia koki nzima."

"Sikujua. Nilikupa ile namba ili..."

"Umekasirika?"

"Sijakasirika."

"Umekasirika, mla panya. Pua zinakucheza."

Emiliana aliuangusha mchi sakafuni, na kishindo chake kiliwafukuza kuku hadi langoni. "Wewe mama una akili? Hiyo ni hewa ya mtu mmoja! Imepimwa ya mtu mmoja! Mkigawana, mwili wake utaanza kuungua upya, namba itashuka, kipimo kijacho atakuwa mwekundu naye. Utakuwa umemuua kwa mkono mwingine!"

"Inawezekana," alisema Sikujua, mrija puani. Hakuona sababu ya kumdanganya. Aliijua ile mashine kuliko wote waliokuwa pale. Chembe za zimamoto zingeongezeka kwa wote wawili, gundi ingepanda, na siku Kahemele atakapotuma mfunga koki mpya, huenda mrija huu usingekuwa wa yeyote. "Akinikataza nitaondoka. Mwambie anikataze."

Emiliana akamgeukia baba yake. "Baba. Mkataze."

Mapunda aliangalia kofia yake ya mgodini, iliyokuwa imepinduka na kumwaga maji. Kifua chake kilianza kupanda na kushuka upesi, na midomo ikaanza kuingia weusi. Alikuwa na neno moja tu la kusema, neno jepesi, nalo lingesikika. Sikujua alilisubiri. Alilisubiri kwa dhati, kwa chuki iliyokuwa bado haijapoa, na hakujua angefanya nini likija.

"Siwezi," alisema mzee hatimaye, akikosa pumzi. "Amenipata. Mshenzi huyu... mla mbwa... amenipata."

Na kicheko kikarudi, kibovu, cha filimbi, kikamkaba hadi akashika mkono wa kiti.

Emiliana alipiga magoti baina yao. Aliuchomoa mrija puani mwa Sikujua bila huruma, akamwekea baba yake, akamshika kidevu, akaitazama midomo yake bila kupepesa mpaka ule weusi ulipoondoka. Sikujua alibaki na mdomo wazi, akivuta hewa ya bure ya Lugombo, ile yenye vumbi, isiyomfikisha popote. Alihesabu kwamba ndio mwisho. Hakumlaumu.

Mkono mgumu, wenye makovu ya cheche, ukamshika shingoni na kumgeuza uso. Mrija ukasukumwa puani mwake kwa nguvu, mpaka ukauma.

"Vuta upesi, zamu yake inakuja," alisema Emiliana. "Nami bado nakuchukia."